Tuliishi Dukani: Historia ya Sheria Iliyotenganisha Duka na Nyumba

Mimi nimelala ndani ya duka miaka miwili na nusu. Si ati nilikuwa soja wa usiku. Nililala huko kwa sababu ndiyo ilikuwa keja yetu.

Kama umewahi kushuka matatu pale sokoni Muhuru Bay, hizo nyumba unazijua. Veranda mbele, mlango mpana wa kukunja, paa la mabati lililoshika kutu, ukuta uliopakwa rangi ya kampuni ya simu, na huko nyuma ua wenye choo kimoja cha kila mtu. Duka letu lilikuwa limekaa tupu muda mrefu. Landilodi akaona hasara. Akaleta fundi, plaiwudi na misumari, na kwa wiki moja duka moja likawa vyumba vinne. Kila chumba shilingi 1,500 kwa mwezi. Mathe alichukua cha tatu.

Dirisha lilikuwa moja, la chumba cha kwanza. Mlango wa kutokea nje ulikuwa mmoja. Ule wa kwenda uani landilodi alikuwa ameuziba kwa matofali, ati wezi wanapitia hapo.

Usiku mmoja nikiwa kidato cha pili, mwaka wa 2019, jirani wa chumba cha nne alilala na jiko la makaa likiwaka. Godoro likashika. Tuliamka tunakohoa, moshi umejaa hadi juu kwa sababu plaiwudi haikufika kwenye mabati. Tukakimbilia mlango mkuu. Umefungwa. Kijana wa chumba cha kwanza alikuwa mvuvi wa omena, na omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Alikuwa ametoka kwenda ziwani, akafunga kufuli kwa nje kama kawaida, ili mwizi asiingie. Ufunguo sote tulikuwa nao. Lakini kufuli iko nje, sisi tuko ndani.

Watu wa nje ndio walivunja ile kufuli kwa mtaimbo. Hakuna aliyekufa. Godoro liliungua, na dada mmoja akaungua mkono.

Wiki mbili baadaye walikuja watu wawili na faili. Wakaangalia ndani dakika tano, wakapaka alama nyekundu mlangoni, wakasema hiki ni kiwanja cha biashara, hakina ruhusa ya makazi, mko na siku saba. Hakuna aliyeuliza habari ya kufuli. Hakuna aliyesema mlango wa uani ufunguliwe. Sisi tukahamia chumba cha mabati karibu na ufuo. Mwaka uliofuata, 2020, Ziwa Victoria likapanda hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana tangu miaka ya 1960, na maji yakaingia kwetu hadi magotini. Lile duka, wakati huo wote, lilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja kichwani. Nani alisema duka ni duka na nyumba ni nyumba? Nimesoma nikagundua kwamba hiyo laini ina historia, na historia yenyewe si ile nilidhani. Kaa chini nikupe.

Kabla ya laini, duka lilikuwa nyumba

Anza pwani. Ukitembea Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale Mombasa utaona majengo yenye duka chini na familia juu. Mwenye duka anashuka ngazi asubuhi, anafungua, anauza, jioni anafunga na kupanda kwenda kula. Hakuna aliyeona hapo ni makosa. Ndiyo ilikuwa maana ya mji.

Mtindo huo ukapanda bara na wafanyabiashara. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence. Mwaka 1903 meli ya Winifred ikaanza kazi ziwani, na nyingine zikafuata. Alidina Visram, mfanyabiashara Mhindi aliyeanzia pwani, alikuwa na matawi kutoka Mombasa hadi Uganda, Kisumu ikiwemo. Nyuma ya wakubwa kama yeye walikuja wadogo, mtu na mkewe na watoto, wakifungua duka katika vituo vya kando ya ziwa: Kendu Bay, Homa Bay, Karungu. Walinunua ngozi, simsim, njugu na mahindi. Waliuza nguo, chumvi, sukari, majembe.

Na walilala wapi? Nyuma ya duka. Chumba cha mbele cha kuuza, cha kati cha stoo, vya nyuma vya familia, kisha ua wenye kisima na jikoni. Kwa hivyo zile nyumba za veranda unazoona kote Nyanza Kusini hazikuwa duka tu hata siku moja. Zilijengwa zikiwa nyumba.

Sisi wa Muhuru laini tunazijua vizuri. Waingereza na Wajerumani walipogawana Afrika Mashariki kwa makubaliano ya 1886 na 1890, walichora mpaka kutoka pwani mpaka mahali latitudo ya digrii 1 kusini inapogusa ziwa. Hapo ndipo kwetu. Mtu alikuwa mezani Ulaya na rula, na leo shamba la jamaa yako liko Tanzania. Kwa hivyo nikisema sheria ya kanda za mji nayo ni laini iliyochorwa na mtu aliyekuwa mbali, naamini unanipata.

Panya, moto na ripoti

Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi. Mji ulikuwa na miaka mitatu tu tangu reli ifike. Katikati kulikuwa na soko la Wahindi, mabanda ya mabati na mbao, watu wanauza mbele na kulala nyuma, mifereji hakuna, panya wengi. Jibu la wakuu lilikuwa kiberiti. Soko zima likachomwa.

Hapa tuwe wakweli. Tauni ilikuwa ya kweli, na uchafu ulikuwa wa kweli. Nafaka ya kuuzwa ikikaa pamoja na watu waliolala, panya wanakuja, na viroboto wa panya ndio wanaobeba ugonjwa. Daktari aliyeogopa hakuwa mjinga.

Lakini angalia dawa waliyochagua. Mwaka 1913 serikali ya London ilimtuma Profesa W. J. Simpson kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki. Ushauri wake ulikuwa kwamba miji igawanywe: Wazungu upande wao, Waasia upande wao, Waafrika upande wao, na biashara iwe na eneo lake. Tatizo lilikuwa mifereji, vyoo na msongamano. Jibu likawa rangi ya ngozi na laini kwenye ramani. Mifereji ni pesa. Laini ni wino tu.

Sheria zikafuata moja baada ya nyingine. Sheria ya Afya ya Umma ilikuja 1921, na hadi leo bado iko, ndiyo Sura ya 242. Mwaka 1923 Waraka wa Devonshire ukasema utengano wa rangi mijini usiwe sheria tena, ingawa nyanda za Wazungu zilibaki zao. Mwaka 1931 ikaja sheria ya mipango miji. Mwaka 1948 Nairobi ikapata Mpango Mkuu wake, ulioandikwa kwa ajili ya mji mkuu wa koloni, na hilo neno koloni liko kwenye jina lenyewe la kitabu.

Utaona kitu cha ajabu hapo. Rangi ya ngozi ilitoka polepole kwenye maandishi, lakini umbo la mji halikubadilika. Badala ya kusema hapa Mwafrika haruhusiwi, waliandika hapa ni nyumba moja kwa kila nusu ekari. Badala ya kusema hapa ni soko la Wahindi, waliandika hapa ni biashara. Kanda zilibaki pale pale, zikabadilishwa majina.

Na Mwafrika wa mjini? Yeye alihesabiwa kama mikono ya kufanya kazi. Alipewa kitanda kwenye lokesheni, mara nyingi cha mwanamume peke yake, kwa sababu ilidhaniwa nyumbani kwake kwa kweli ni kijijini. Familia haikuwa kwenye hesabu. Kwa hivyo nyumba za familia nyingi kwenye ghorofa moja, za mtu wa kipato cha chini, hazikuwa na kanda yao tangu mwanzo. Tangu hapo tunaishi mahali ambapo ramani ilisahau kutuandika.

Mwafrika anajenga duka

Baada ya vita vya pili vya dunia mambo yakaanza kusonga. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga alikuwa miongoni mwa walioanzisha Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni ya watu wa kawaida walionunua hisa ndogo ndogo. Kituo chao cha kwanza kilikuwa Maseno. Shabaha ilikuwa moja: Mwafrika awe na duka lake, jengo lake, kwenye kiwanja cha kituo cha biashara. Mpaka wakati huo vituo hivyo vilikuwa kama visiwa vya wengine katikati ya ardhi yetu.

Kumbuka hilo, kwa sababu kiwanja cha biashara kwetu hakikuwa tu mahali pa kuuza sukari. Kilikuwa cheo. Mzee akipata kiwanja sokoni alikuwa amefika. Dani yangu mpaka leo akimsifu mtu anasema, huyo alikuwa na duka.

Sasa angalia kilichoandikwa kwenye hati za viwanja hivyo. Kwa hati nyingi za serikali za kukodisha viwanja vya biashara nchini Kenya, sharti la matumizi limeandikwa kwa maneno yanayojirudia: maduka, ofisi na fleti. Soma tena. Fleti. Na kuna viwanja vingine vinavyoandikwa wazi kwamba ni vya biashara na makazi kwa pamoja. Kumbe sheria yetu haikuwahi kusema kwa ujumla kwamba watu wasilale kwenye jengo la biashara. Inategemea kiwanja chako kimeandikwa nini, na jengo lilipitishwa likiwa nini. Wengi wetu hatujawahi kuona hiyo karatasi, na wale wanaotufukuza mara nyingine nao hawajaiona.

Maduka yanaachwa, samaki wanakuja

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara. Asiye raia akazuiwa kufanya biashara nje ya maeneo makuu ya miji michache, na bidhaa kadhaa za kila siku akakatazwa kuziuza. Waasia wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza. Mwanzoni mwa 1968 walipanda ndege kwa maelfu, wakikimbia kabla Uingereza yenyewe haijafunga mlango, na ikaufunga Machi mwaka huo huo.

Katika vituo vidogo hayo yalimaanisha kitu kimoja. Familia iliyoishi nyuma ya duka ikaondoka. Mwenye duka mpya akawa Mwafrika mwenye boma lake kijijini, anayekuja asubuhi na kurudi jioni. Kwa mara ya kwanza vile vyumba vya nyuma vikabaki bila watu wa kulala. Na chumba kikikaa bila mtu, Mkenya anakipangisha. Hapo ndipo ploti zetu za kupangisha zilipozaliwa. Hazikutoka kwenye mpango wa serikali. Zilitoka uani kwa duka.

Kisha samaki. Mbuta, yule mnaoita sangara huko Tanzania, alitiwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa. Viwanda vya minofu vikajengwa, malori ya barafu yakaanza kulala kwenye fuo zetu, vijana wakaja Muhuru kutoka kila upande wa Nyanza, Tanzania na Uganda. Mvuvi hahitaji shamba. Anahitaji kitanda karibu na ufuo. Mwenye duka akafanya hesabu: nikiuza sukari napata hiki, nikilaza wavuvi sita napata kile. Unajua alichochagua.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kati ya 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa letu mara kadhaa kwa sababu za kiafya. Pesa ikakauka ghafla. Baadaye samaki wenyewe wakapungua. Maduka yakafungwa, lakini watu hawakuondoka. Hapo ndipo unapata picha ya leo: veranda za biashara zisizo na biashara, na mji usio na nyumba za kutosha.

Ukitaka kuona mwisho wa hii hadithi, tafuta picha ya Migingo. Mwamba wa ukubwa wa karibu nusu ekari, mabati juu ya mabati, na kila banda ni duka, hoteli na kitanda kwa wakati mmoja. Huko kanda hakuna. Watu waliacha kungoja ramani.

Sheria ya leo inasema nini

Hapa nitaenda taratibu, kwa sababu hii ndiyo sehemu itakayokusaidia siku moja.

Mwaka 1996 Kenya ilipata sheria mpya ya mipango, na 2019 ikaletwa nyingine iliyochukua nafasi yake, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, namba 13 ya mwaka huo. Kazi ya kutoa ruhusa iko kwa kaunti.

Katika sheria hii, kuendeleza ardhi si kujenga peke yake. Ukibadilisha matumizi ya jengo kwa kiasi kikubwa, hata usipoongeza tofali moja, umeendeleza, na unahitaji ruhusa. Kwa hivyo landilodi wetu aliyetumia plaiwudi tu alikuwa ndani ya sheria hiyo kama aliyejenga ghorofa tano.

Anayetaka kubadilisha anatuma ombi kaunti, kwa kawaida kupitia mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa. Anatangaza ili majirani wasome na kutoa maoni yao. Yale mabango unayoona yamesimama kwenye viwanja ndiyo hayo. Ombi linapita kwa watu wa afya, maji, barabara, mazingira. Akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti. Na akikaa siku 60 bila jibu la maandishi, sheria inahesabu kwamba ruhusa imetoka. Wangapi wanajua hiyo?

Asiyeomba, adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la sita. Vyumba vinne mara 1,500 ni 6,000 kwa mwezi. Ili landilodi wetu alipe faini ya juu kabisa angehitaji zaidi ya miezi 83 ya kodi. Karibu miaka saba. Na kuomba kihalali kunahitaji mtaalamu, michoro, matangazo na ada. Kwa mwenye jengo la Kilimani au Westlands hiyo ni gharama ya kawaida. Kwa mwenye duka la mabati Muhuru Bay, ni bei ya duka lenyewe. Matokeo ni kwamba haombi. Anafanya kimya kimya. Na kwa kuwa anajificha, anaziba dirisha, anaziba mlango wa uani, ili pakionekana kwa nje pabaki kuwa duka. Yaani ile laini inayodai kutulinda ndiyo inayosaidia kutufungia ndani.

Wapangaji miji wa Kenya wana mwongozo wao wa ramani. Makazi ni namba 0, rangi ya kahawia. Biashara ni namba 5, nyekundu. Nilipoijua hiyo nilicheka kidogo, kisha sikucheka. Tulikuwa watu namba 0 tunalala ndani ya namba 5. Lakini moto hausomi namba.

Wengine walipitia hapa

Nisikudanganye kwamba dawa ni kufuta sheria. Uingereza ilijaribu. Mei 2013 serikali yao iliruhusu ofisi kugeuzwa nyumba bila kuomba ile ruhusa kamili ya mipango. Nia ilikuwa nzuri, ofisi zilikuwa tupu na nyumba zilikuwa chache. Kilichotokea ni kwamba baadhi ya wenye majengo walikatakata ofisi kuwa vijumba vidogo sana, vingine bila dirisha hata moja. Mwaka 2020 ikabidi sheria iseme kila chumba cha kuishi kipate mwanga wa jua, na kuanzia Aprili 2021 nyumba hizo zikalazimishwa kufikia vipimo vya taifa vya ukubwa. Miaka saba, minane ya kujifunza kwamba nyumba inahitaji dirisha. Sisi tungewaambia bure.

New York nayo ina hadithi ninayoipenda zaidi. Kufikia miaka ya 1960 viwanda vya mtaa wa SoHo vilikuwa vinafungwa, na wasanii wakahamia humo kinyume cha sheria. Zimamoto waliogopa: tukija kuzima moto usiku, tutajuaje kuna mtu ndani ya kiwanda? Basi wakakubaliana, jengo lenye msanii liwekwe kibao nje kinachosema kuna mtu anaishi humu, na ghorofa gani. Kabla ya kubishana kuhusu kanda, walihakikisha kwanza kwamba mtu hatateketea bila kujulikana. Mwaka 1971 mji ukawaruhusu wasanii kuishi hapo. Mwaka 1982 ikaja sheria ya jimbo iliyosema hivi kwa ufupi: waliokwisha kuishi wasifukuzwe, na mwenye jengo apewe wajibu wa kulifikisha kwenye viwango, milango ya dharura na yote, wapangaji wakiwa ndani.

Soma hiyo tena ukifikiria zile siku saba zetu. Watu wa kwanza waliulizwa: mtatokaje moto ukiwaka? Sisi tuliulizwa: hiki kiwanja ni cha nini?

Mimi naona hivi

Najua mtakachoniambia. Ukiruhusu, malandilodi watageuza kila duka kuwa vyumba na soko litakufa, akina mama watauzia wapi? Hoja nzuri, na ndiyo maana kaunti ibaki na neno la mwisho juu ya jengo gani na mtaa gani. Veranda ya mbele inaweza kubaki biashara, watu walale nyuma. Ndivyo zilivyojengwa tangu mwanzo! Utasema pia choo kimoja hakiwezi watu ishirini. Kweli kabisa, na kipindupindu tunakijua. Sheria ile ya 1921 tayari inaita msongamano, kukosa mwanga, kukosa hewa na kukosa choo kuwa kero inayoweza kuamriwa irekebishwe. Irekebishwe. Hiyo nguvu ipo. Inatumika kwa kufukuza wakati ingeweza kutumika kwa kutengeneza.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa na viwango vinavyostahili vya usafi. Kwa sheria ya 2024 mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Sipingi nyumba mpya. Ninachouliza ni kwa nini katika hesabu hiyo yote hakuna anayehesabu maduka matupu ambayo tayari yana kuta, paa na kiwanja, na yanahitaji mlango wa pili, dirisha, choo na tangi.

Kwa hivyo kama ningekuwa na faili mkononi siku ile, ningeandika mambo haya kwa mpangilio huu. Leo: mlango wa uani ufunguliwe, na hakuna kufuli ya nje mahali watu wanalala. Ndani ya mwezi: dirisha kila chumba, na majiko yatoke ndani yaende uani. Ndani ya miezi sita: vyoo kulingana na idadi ya watu. Kisha ndiyo ombi la kubadilisha matumizi, kwa fomu rahisi na ada ya mtu wa soko dogo, wapangaji wakiwa ndani. Landilodi akikataa kufungua mlango, basi hiyo laki tano ianze kufanya kazi, na imwangukie yeye. Isimwangukie mathe.

Na sisi vijana? Mipango ya miji ni lazima ipitie kwa wananchi kabla haijapitishwa. Mkutano ukiitwa wanakuja wazee kumi na mwenye hema. Wengi wetu tunapanga nyumba ya kwanza tukiwa na miaka 19, 20, na tunaishia kwenye hivi vyumba, Muhuru, Sori, Migori mjini, Rongai, kila mahali. Hii ramani ni yetu kuliko ya mtu yeyote. Ukisikia mpango wa matumizi ya ardhi umetoka, nenda, tafuta mtaa wako, uliza una namba gani na kwa nini.

Nilipita pale sokoni Desemba iliyopita. Ile alama nyekundu imefifia lakini bado unaiona. Vyumba vimejaa tena, watu wapya, kodi imepanda. Nilizunguka nyuma. Mlango wa uani bado umezibwa kwa matofali yale yale. Nikagonga mbele, nikawaambia waliokuwepo kuhusu ule usiku. Kijana mmoja akaniambia, sasa sisi tunafungia ndani, kwa komeo. Walijipangia wenyewe, bila faili na bila rangi.

Leo usiku kabla ya kulala, fanya kitu kimoja. Simama mahali unapolalia, zima taa, uhesabu hatua mpaka nje. Kisha ujiulize nani ana ufunguo, na kufuli iko upande gani.